Mrejesho: kupunguza vipimo vya picha ili AI itoe haraka

Wakuu, niliuliza namna ya kuharakisha Stable Diffusion XL (modeli ya AI ya kutengeneza picha) kwenye kadi ya grafiki yenye memori ndogo, mkaniambia nianze na vipimo vya picha. Nashukuru sana, kasi imepanda kweli.

Aliyenionya nisishuke hadi pikseli 512 kwa 512 alikuwa sahihi kabisa. Modeli hii ilifunzwa kwa 1024 kwa 1024. Ukiibana hadi 512 inawahi kumaliza, ila nyuso zinapinda na vitu vinakatwa pembeni. Vipimo hivyo vya 512 vinalifaa toleo la awali, Stable Diffusion 1.5. Rasimu sasa natengeneza kwa 768 kwa 768: pikseli 589,824 badala ya 1,048,576. Ubora unashuka kidogo, lakini kwa kuchagua mpangilio wa picha unatosha.

Angalizo kwa mwenye shida kama yangu: mbegu (seed, namba inayoanzishia picha) ileile kwenye vipimo tofauti hutoa picha tofauti, hivyo usitegemee kuirudia rasimu kwa 1024 ukaipata vilevile. Mimi naichukua rasimu yenyewe, naikuza, kisha naipitisha tena kwa njia ya picha kwa picha (img2img, yaani modeli inaanza na picha iliyopo), nguvu ya mabadiliko (denoising strength, kiasi inachoruhusiwa kuibadilisha) ikiwa 0.3 hivi. Iliyochaguliwa tu, zingine naziacha.