Mtoto wa wiki 5, alipata degedege siku ya pili ya kuzaliwa. Niache dawa au niendelee? Naombeni ushauri

Mama Nasri

Assalaam aleikum, habari za humu ndani wapendwa. Mtoto kanilalia kifuani, naandika kwa mkono mmoja, naombeni mnisome hadi mwisho.

Nimejifungua mtoto wa kiume wiki 5 zilizopita, uzazi wangu wa kwanza. Uchungu ulinishika Jumamosi alfajiri, nikajifungua Jumapili jioni. Kituo sikitaji, ila muda mwingi nilikuwa peke yangu kitandani, na mtoto alipotoka hakulia. Alikuwa wa bluu, amelegea. Wakamfuta, wakamsugua mgongo, wakampulizia hewa kwa ule mfuko wa kubonyeza. Kwenye kadi wameandika 3 dakika ya kwanza na 5 dakika ya tano. Usiku ule ule tukapelekwa hospitali ya mkoa.

Siku ya pili nilikuwa nakamua maziwa pembeni yake. Nikaona anatafuna mdomo mtupu, macho yamekwenda upande mmoja, miguu inazunguka kama anaendesha baiskeli. Nikadhani njaa. Nesi aliyepita ndiye aliyekuja mbio. Wakamtoboa kisigino kupima sukari, wakamwekea dripu, wakamchoma fenobabitoni, dawa ya kutuliza degedege. Tulikaa wodi ya watoto wachanga siku 11, ananyweshwa maziwa yangu kwa mpira wa puani. Tumerudi nyumbani na vidonge vya fenobabitoni, nusu kidonge kila usiku. Nakisaga kati ya vijiko viwili, nachanganya na maziwa kidogo niliyokamua, namnywesha kwa kijiko.

Sasa nina mambo mawili. La kwanza, akilala usingizi mzito mikono inashtuka-shtuka, mara kulia mara kushoto. Akiamka hakuna kitu. La pili, mama mkwe kaja toka Pangani kunilea uzazi. Anasema mtoto kapitiwa na dege, na sindano za hospitali ndizo zinazomharibu. Anataka afukizwe na avishwe hirizi, na vidonge viachwe. Mume wangu yuko kimya, hataki kumpinga mama yake.

Mwanangu ana kifafa? Ataishi nacho? Nikiacha dawa kuna ubaya gani?

Nesi wa Zamu

Waaleikum salaam mdogo wangu. Hongera kwa mtoto na pole kwa uliyopitia. Kwanza kabisa, kidonge cha leo usiku kimpe. Mengine tutazungumza.

Nimekaa wodi ya watoto wachanga miaka 9. Kichanga hashikwi na degedege kama mtoto mkubwa. Mtoto wa miaka 3 utaona anakakamaa, anatupa mikono na miguu, mate yanatoka, kila mtu ndani ya nyumba anajua. Kichanga ubongo wake bado haujakomaa, kwa hiyo utaona hayo hayo uliyoyaona wewe: anatafuna, anafyonza hewa, macho yanaganda au yanakwenda upande mmoja, miguu inapiga baiskeli, au pumzi inakata na midomo inabadilika rangi. Wengine hawaonyeshi chochote nje, mpaka mashine ya kupima umeme wa ubongo. Mama wengi wanadhani mtoto anacheza au ana njaa, usijilaumu kwa hilo.

Huko kushtuka usingizini, nisikilize vizuri, maana kuna vitu vitatu vinavyofanana.

Kuna mtetemo. Mtoto anatetemeka haraka-haraka, hasa ukimgusa au akilia. Ukiushika mkono wake kwa upole na kuukunja kidogo, mtetemo unaacha pale pale, na macho yako sawa. Hata hivyo apimwe sukari kama haijapimwa.

Kuna kushtuka kwa usingizini tu. Hapo usimshike, kumbana kunaweza hata kuzidisha. Mwamshe. Akiamka kukaacha mara moja, mara nyingi hiyo si degedege, na huisha yenyewe katika miezi ya mwanzo. Maelezo yako yananipeleka huku, lakini mimi simwoni mtoto.

Halafu kuna degedege yenyewe. Hiyo ukishika mkono bado unausikia unaruka ndani ya kiganja chako, na kumwamsha hakusaidii.

Usiku wa leo chukua simu, washa taa, mfunue nguo aonekane mwili mzima na uso, umrekodi. Anza kabla hujamwamsha, mwamshe huku unarekodi. Video ya dakika 1 itamsaidia daktari kuliko kumsimulia nusu saa.

Na hizi ni za kukimbia hospitali usiku huo huo, bila kungoja kuche: pumzi kukata au kubadilika rangi, kukataa kunyonya, kulegea kuliko kawaida, mwili kuwa wa moto au wa baridi, utosi kuvimba, au degedege kurudi. Wakati inatokea mlaze ubavu, tazama saa, usimtie kitu mdomoni. Si kijiko, si maji, si mafuta ya taa, si kitunguu.

Umm Salim

Pole mama Nasri. Mimi niko Muscat, binti yangu alipata haya haya mwaka juzi. Huku walimpa levetirasetamu ya maji. Waambie wakubadilishie, hiyo fenobabitoni ni ya zamani mno, inalaza watoto.

Dada wa Likoni

Mama Nasri, huku kwetu Pwani ya Kenya wazee wanaita nyuni. Ndege akipita juu ya nyumba usiku, mtoto ashikwa. Nimelelewa nikiamini hivyo, kwa hivyo simcheki mama mkwe wako hata kidogo.

Kifungua mimba wangu alikuwa na siku 6. Aliacha kunyonya asubuhi, jioni akawa moto, akaanza kukakamaa na kulia kwa sauti nyembamba kama paka. Tukampeleka kwa mganga. Akafungwa kitambaa cheusi mkononi, akafukizwa, tukaambiwa asidungwe sindano, akidungwa atakufa. Siku tatu. Siku ya tatu dadangu alimchukua mtoto akatoka naye mlango wa nyuma, akapanda matatu hadi hospitali. Wakamtoa maji ya uti wa mgongo: homa ya uti wa mgongo, bakteria. Alitibiwa dawa za mshipani wiki tatu.

Yuko hai, ana miaka 8, ana akili na anapenda kuchora. Hasikii. Anasoma shule ya viziwi. Ugonjwa ule huweza kuchukua masikio hata kwa aliyewahi tiba, kwa hivyo sijui kama zile siku tatu ndizo zilizoyachukua. Lakini nazifikiria kila siku nikimwita akiwa amenipa mgongo.

Tabibu wa Watoto

Nimesoma vizuri, nashukuru nesi kwa maelezo.

Mama Nasri, zile namba 3 na 5 ni alama za Apgar, kwa jina la daktari Mmarekani Virginia Apgar aliyezichapisha mwaka 1953. Zinaeleza rangi, mapigo ya moyo, pumzi, kulegea au kukaza na namna mtoto anavyoitikia akiguswa. Peke yake hazitabiri maisha ya mtoto. Lakini ukiunganisha na uchungu mrefu, kutolia, na degedege ya siku ya pili, inaelekea ubongo wake ulikosa hewa ya kutosha wakati wa kuzaliwa. Hicho ndicho chanzo kinachoongoza cha degedege kwa vichanga. Vingine ni sukari kushuka, upungufu wa kalisiamu, maambukizi kama ya mtoto wa Likoni, damu kuvuja au kuziba kwenye ubongo, manjano kali iliyoachwa bila tiba, na kasoro za kurithi ambazo ni chache. Ndiyo maana walikimbilia kisigino kwanza: sukari ikishuka, dawa ya degedege haitatibu kitu, mtoto anahitaji sukari.

Je, ni kifafa? Degedege inayokuja siku za mwanzo kwa sababu ubongo umejeruhiwa sasa hivi haiitwi kifafa. Kifafa ni pale degedege inapojirudia baadaye bila kuchokozwa na kitu. Watoto wengi waliopita njia ya mwanao hawapati tena. Wengine wanapata, miezi au miaka baadaye, hasa walioumia sana. Sitakwambia hakitatokea, na yeyote atakayekwambia leo kwamba kitatokea naye anakisia.

Kuhusu dawa. Dada wa Muscat, nakuelewa, ila kwa vichanga uzamani wa fenobabitoni si kasoro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulizilinganisha hizo mbili: fenobabitoni ilituliza degedege kwa saa 24 kwa asilimia 80 ya vichanga, levetirasetamu kwa asilimia 28. Mwongozo wa shirika la kimataifa la kifafa, ILAE, wa mwaka 2023 bado unaiweka fenobabitoni mwanzo. Kulaza inalaza, kweli, na hilo ni la kumwambia daktari kama ananyonya kwa shida.

Mwongozo huo huo unasema kitu kingine ambacho mama Nasri unapaswa kukijua: kama degedege ilikuwa ya siku hizo tu na imetulia, dawa inaweza kusimamishwa hata kabla ya kutoka hospitali. Kwa hiyo una haki kabisa ya kumuuliza daktari, "Kwa nini mwanangu bado anatumia, na lini tutaacha?" Pengine ana sababu, pengine wakati umefika. Ila usikate wewe mwenyewe. Mwili uliozoea fenobabitoni wiki 5 ukiinyimwa ghafla unaweza kuleta degedege nyingine, na hapo mama mkwe atasema alijua.

Jambo la mwisho. Kuanzia kama miezi 3 hadi mwaka, tazama akiamka usingizini. Ukiona anajikunja ghafla kama anayesujudu, au anatupa mikono mbele kwa mshtuko, anaachia, kisha anarudia tena na tena mfululizo, usiseme ni tumbo. Rekodi, mpeleke siku hiyo hiyo. Aina hiyo ina dawa yake na kila wiki inayopotea inamgharimu mtoto.

Umm Salim

Ahsante daktari, nimejifunza. Mama Nasri naomba uniwie radhi, nilisema kwa mapenzi.

Babu wa Lushoto

Binti yangu, ya dawa wamekwisha kuyasema wenye ujuzi. Mimi nazungumzia mkweo.

Huyo mama kaacha nyumba yake Pangani kaja kukukanda kwa maji ya moto na kukupikia uji. Anamtaka mjukuu wake hai. Huenda kawaona watoto wakifa zamani, na wengi walipelekwa hospitali wakiwa wamekwisha kuzidiwa, ndiyo maana kwake sindano na kifo vimeandamana. Usibishane naye jikoni, na usimtume mumeo, kijana hawezi kumkata mama yake. Siku ya kliniki mwambie, "Mama, naomba unisindikize, wewe umelea, utaniulizia nisiyoyajua." Ambebe yeye mtoto. Daktari amjibu yeye. Dua asome, mtoto aombewe, hakuna anayekataza. Moshi ndio usikubali, kifua cha mtoto aliyezaliwa hana pumzi si cha kufukizia.

Mama Nasri

Nimerudi baada ya siku 9, samahanini kwa ukimya.

Nilirekodi usiku ule ule. Nilipomwita na kumsugua nyayo akafumbua macho, mikono ikaacha hapo hapo. Jumatano tukaenda kliniki. Nilifanya kama alivyosema babu, mama mkwe alimbeba yeye njia nzima, hata kwenye basi alikataa nimpokee.

Daktari aliitazama video mara tatu. Akasema ni mshtuko wa usingizi, si degedege. Nikamuuliza la dawa. Akampima, akampigisha picha ya ubongo kupitia utosini, kisha akasema tuanze kupunguza kidogo kidogo, kanichorea kwenye karatasi kila wiki kiasi gani mpaka iishe. Mama mkwe akauliza, "Na sindano ya chanjo je, si itamrudishia dege?" Daktari hakumcheka. Akamjibu kwamba mtoto ametulia, chanjo za wiki 6 zisiachwe, ila tumwangalie homa na tukiwa na wasiwasi turudi. Alichanjwa siku hiyo hiyo. Mama mkwe ndiye aliyemshika paja.

Lakini kuna lingine. Daktari aliufungua mkono wa kushoto wa Nasri, ukajifunga tena, kidole gumba kimebaki ndani ya ngumi. Wa kulia unafunguka vizuri. Akasema ni mapema kusema lolote, ila tuanze mazoezi ya viungo kila Jumanne na arudi kuonwa akifika miezi 3. Mimi nilikuwa nimeuona huo mkono siku nyingi, nikajiambia watoto wote wanakunja ngumi. Nesi, nimfunge kijiti au soksi ili unyooke?

Nesi wa Zamu

Usifunge kitu, mama. Kweli watoto wote wa umri wake wanakunja ngumi, kinachoangaliwa ni tofauti ya upande na upande. Ukimnyonyesha, muweke huo mkono wa kushoto uwe huru juu ya ziwa, umpapase nje ya kiganja kutoka kwenye kifundo kuelekea vidoleni, taratibu, utafunguka wenyewe. Usivute gumba. Mtaalamu wa mazoezi atakuonyesha mengine Jumanne. Je, anakufuata kwa macho ukipita?

Mama Nasri

Tangu juzi. Ila anamfuata zaidi bibi yake, kwa sababu ya kanga zake za rangi.