Boda ikigongana na baiskeli, mguu wa abiria unalipwa na nani?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kutupiana maneno, maana nyumbani kwetu limeshagawanya ukoo.

Miezi minne iliyopita dada yangu alipanda boda kurudi nyumbani, nje kidogo ya mji wa Kahama, saa moja na nusu usiku. Mbele yao kulikuwa na baiskeli ya mkaa, magunia matatu, haina taa wala rifleta. Dereva aliiona imeshafika puani. Akakwepa kulia. Dada alikuwa amekaa upande kwa sababu ya gauni, miguu yote miwili ikining'inia kushoto, ule ule upande wa baiskeli. Dereva alichubuka viganja. Mwenye mkaa aliangukia magunia yake, akainuka. Dada alivunjika muundi, mfupa ukatokeza nje.

Mjomba anasema baiskeli isiyo na taa ikamatwe, itozwe faini, ikiwezekana ipigwe marufuku lami usiku. Vijana wa kijiweni wanamuunga mkono. Mimi nakataa, ingawa mguu uliovunjika ni wa dada yangu.

Baiskeli ile ilikuwa inakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Aliyekuwa na injini, taa kubwa na nauli ya mtu mfukoni ni dereva wa boda. Kwenye kilomita 60 kwa saa pikipiki inakata karibu mita 17 kila sekunde. Taa yake ikimulika mita 20, hiyo nafasi ya kufunga breki iko wapi? Kesho badala ya baiskeli itakuwa ng'ombe, au mtoto anatoka dukani. Na tusisahau kwamba boda zenyewe zilianza kwa baiskeli, zile za kuvusha watu mpakani Kenya na Uganda. Leo mwenye baiskeli ndiye amekuwa mgeni barabarani?

Sisemi mwenye mkaa hana kosa. Anajihatarisha, na anamhatarisha abiria wa mwenzake. Ila rifleta ni kitu cha bei ndogo. Kata ingezigawa kwanza, zifungwe nyuma ya keria na kwenye pedeli, halafu ndipo tuzungumze faini. Ukimtoza leo mtu ambaye faida yake yote ni gunia moja, kesho atapita usiku zaidi ili asionekane na askari.

Kuna kofia ngumu pia. Isingeuokoa muundi, najua. Lakini kichwa cha dada kilikuwa wazi, na kilipona kwa sababu kiliangukia mchanga wa pembeni. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2008 ulionyesha kofia inapunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kenya, sheria yao ya trafiki iliyorekebishwa 2012 inamtaka mwenye boda ampe abiria kofia na jaketi la kuakisi mwanga. Huku kwetu naona askari anamsimamisha dereva, anakagua kofia ya dereva, abiria anapita kichwa wazi.

Kinachoniuma zaidi ni malipo. Baiskeli haina bima. Pikipiki inatakiwa iwe nayo, lakini ya huyu ilikuwa imekwisha muda, na hakuna kijiweni aliyewahi kumuuliza. Tumeuza ng'ombe wawili kulipia vyuma vya mguuni, na dada bado anatembelea magongo. Mimi naona mwenyekiti wa kijiwe angekagua bima kila mwezi, na ambaye yake imekwisha asiegeshe pale mpaka aikate upya. Ada ya kijiwe wanaikusanya bila kukosa, hili linawashinda nini?

Mnaoendesha usiku, mwambieni mjomba ukweli: mkipita njia ya baiskeli za mkaa mnapunguza mwendo mpaka ngapi? Na nyie wa mkaa, mkipewa rifleta bure mtazifunga?