Fokasi inahangaika taa za ukumbi zikizimwa (Canon 6D, 24-105mm f/4)

Shata125: Wakuu, habari za kazi. Natumia Canon 6D, lenzi 24-105mm f/4 na fleshi ya 430EX II kwenye harusi. Maharusi wakiingia, taa nyeupe zinazimwa, zinabaki LED za bluu na zambarau. Hapo lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, haishiki. Nimeweka AI Servo (fokasi inayomfuata mtu anayesogea) kwa kuwa wanatembea, na nukta zote 11 za fokasi ziko wazi. Fleshi iko juu ya kamera lakini ile taa yake nyekundu ya kusaidia fokasi gizani haiwaki kabisa. Nakosea wapi? Nikifungua apacha (tundu la lenzi) zaidi itasaidia?

NuktaYaKati: Mkuu, AI Servo ndiyo inayoizima taa hiyo. Taa nyekundu hufanya kazi kwenye One Shot (fokasi hushika mara moja na kutulia), tena ukitazama kwa kitundu cha kamera, si Live View (kioo cha nyuma).

Weka One Shot, chagua nukta ya katikati peke yake. Nukta za 6D hazilingani: ya katikati tu ndiyo husoma mistari ya wima na ya mlalo pamoja, na inafika giza la EV -3 (EV ni kipimo cha mwanga; ikishuka, giza linazidi). Zile 10 za pembeni husoma upande mmoja tu. Ukiziacha zote wazi, kamera inaweza kushika taa ya ukutani badala ya uso.

Usilenge katikati ya suti nyeusi, hapo hamna cha kushika. Lenga pale kola nyeupe inapokutana na suti, au ukingo wa shela kwenye nywele. Bonyeza nusu, ikilia malizia papo hapo. One Shot ikishashika haifuati tena. Wakisogea hatua moja, bonyeza upya.

Lenzi_Kavu: Kuhusu apacha: kuifungua hakusaidii fokasi. Lenzi yako hukaa wazi f/4 muda wote unapolenga, hata ukiwa umeweka f/8. Hujifunga shata inapofyatuka tu. Hatari iko upande wa pili: lenzi ya 85mm kwa f/1.8, mtu akiwa mita 2, sehemu inayotoka kali ni sm 6 hivi. Akiinama kidogo tu, umemkosa.

Wakianza kucheza, mimi naona bora MF (fokasi ya mkono) kabisa. Zumu 35mm, f/5.6, dirisha la umbali kwenye mita 2.5: kuanzia kama mita 1.9 hadi 3.8 panatoka pakali. ISO 3200, shata 1/125, fleshi ETTL (inajipimia mwanga yenyewe). Bandika kipande cha utepe kwenye pete ya fokasi isisogee.

Shata125: Asante sana. Nimeweka One Shot hapa nyumbani, bado haiwaki.

NuktaYaKati: Angalia sehemu mbili, ndugu. Kwenye menyu ya kamera, AF-assist beam firing (kuwaka kwa taa hiyo) iwe Enable. Kwenye fleshi yenyewe, C.Fn-08 (mpangilio wa taa hiyohiyo) iwe 0. Halafu zima taa ya chumba ndipo ujaribu: penye mwanga wa kutosha kamera haiiwashi.