Gold 200, Portra 400 au HP5: mkanda upi kwa picha za watu na bajeti ndogo?

mtaa_na_lenzi (Dar es Salaam)
Wakuu, habari za leo. Nimeachiwa kamera ya mkanda, Canon AE-1, na lenzi yake ya milimita 50. Nimeweka betri mpya na mita ya mwanga inasoma vizuri. Nataka kupiga watu: wavuvi na mama lishe pale Feri, majirani, harusi za ndugu. Mara nyingi ni mchana. Mikanda inabidi niagize nje, kwa hiyo kila roli naisikia mfukoni. Nimechuja hadi mitatu ya kuchagua: Kodak Gold 200 na Kodak Portra 400 za rangi, na Ilford HP5 Plus ya nyeusi na nyeupe. Portra inasifiwa kila kona ila bei yake inanitisha. Mngekuwa ninyi mngeanza na upi?

bi_kisauni
Karibu sana kaka. Kwa jua la pwani ningeanza na Gold 200 bila kusita. Rangi zake zina joto, njano na nyekundu zinakolea, kanga inatoka imechangamka. Portra ni tulivu zaidi na chembechembe zake pichani ni ndogo ukizingatia kasi yake.
Angalia pia kamera yako. Shata ya AE-1, kile kipazia kinachopitisha mwanga, kasi yake ya mwisho ni sekunde 1/1000. Jua la saa sita ukiwa na mkanda wa ISO 400 (ISO ikiwa kubwa, mkanda unahitaji mwanga mdogo), hata kwa 1/1000 unalazimika kufunga tundu la lenzi hadi f/11 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na hapo nyaya za umeme, bodaboda na kila kilicho nyuma ya mtu kinaonekana wazi. Kwa ISO 200 unafungua hadi f/8, kwa ISO 100 hadi f/5.6. Ukipenda sura ijitenge na mandhari, 400 itakubana mchana.

nuru_kivuli
Bi Kisauni kasema kweli kuhusu mchana, ila Portra msiifute. Kwenye kivuli cha mwembe au barazani jioni, ngozi nyeusi inabaki na maungo yake, huoni uso uliozama. Kwa harusi ya ndugu ningelipia tofauti ya bei.
Lakini kuliko mkanda, jali kipimo cha mwanga. Mita ya AE-1 inasoma fremu nzima huku ikiipa katikati uzito zaidi, na inachukulia kila kitu kuwa kijivu cha wastani. Msimamishe mzee mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa: mita inaona weupe, inabana mwanga, na uso unatoka doa jeusi. Sogea mpaka uso ujaze fremu, soma namba ya f, toa pete ya lenzi kwenye A (otomatiki), weka namba hiyo kwa mkono, kisha rudi nyuma upige. Kamera hiyo haina kitufe cha kushikilia kipimo, ndiyo maana ya kuhangaika na pete.
Tena mikanda ya negativu inavumilia mwanga mwingi kuliko mwanga haba. Gold 200 weka ISO 100 kwenye kamera, Portra 400 weka 200, na maabara waisafishe kawaida tu. Ngozi zetu zinanufaika mno na hiyo stopu moja, yaani mwanga mara mbili.
Na rangi zikitoka mbaya, usiukimbilie mkanda. Kwa miaka mingi maabara zilipanga mashine kwa kadi za Shirley, kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi yetu haikuwamo kwenye hesabu. Leo negativu moja ikiskaniwa na watu wawili inaweza kutoa sura mbili tofauti. Omba iskaniwe upya.

mzee_wa_haipo
Wanangu, mnahesabu bei ya roli tu. Kusafisha na kuskani je? Ukijumlisha, HP5 ndiyo nafuu kwa sababu utaisafisha mwenyewe nyumbani. Unahitaji tangi, mfuko mweusi wa kupakilia, developa ya D-76 (dawa ya kutoa picha) na fiksa (dawa ya kuifanya idumu). HP5 iliyopigwa kwa 400, D-76 bila kuongezewa maji, nyuzi 20, ni dakika 7 na nusu. Kwetu maji ya bomba yana joto kuliko hapo, basi weka chupa za dawa kwenye beseni la maji na barafu, na uwe na kipimajoto. Usikisie kwa kidole.
Ukumbini usiku HP5 hiyohiyo unaipiga kwa 1600 na kuongeza muda wa developa. Gold haiwezi kukufikisha huko.
Bado ni ghali? Kentmere 400 inatoka kiwanda kilekile cha Harman kule Mobberley, Uingereza, kwa bei ya chini. Fomapan 400 ya Czech nayo ni rahisi, ila ipige kwa 200, vivuli vyake ni vyepesi kupotea.

mtaa_na_lenzi
Shikamoo mzee, ahsante sana. Maabara niliyoipata inasafisha rangi tu na tangi bado sina. Na usiku Forodhani, vipi mkanda wa CineStill 800T?

mzee_wa_haipo
Marahaba. Basi tafuta Ilford XP2 Super. Ni nyeusi na nyeupe lakini inapita kwenye dawa za rangi za C-41.

bi_kisauni
800T inapendeza kwenye taa za wauza urojo, na ule mduara mwekundu kuzunguka taa ni kwa sababu wameondoa tabaka jeusi la nyuma ya mkanda. Lakini ni ghali na mchana inatoa ubuluu. Iache mpaka uizoee kamera.

pwani_muscat
Kama kuna ndugu anakuletea kwa ndege, asiweke mikanda kwenye sanduku la kupakiwa. Aibebe mkononi na aombe ikaguliwe kwa mkono, kwani mashine mpya za CT za kukagua mizigo zinaharibu hata ISO 200.

mtaa_na_lenzi
Nimeelewa. Naagiza Gold nne na XP2 moja. Portra nitanunua harusi ya dada ikikaribia. Joto la Dar je?

nuru_kivuli
Friji, ndani ya vikopo vyake. Ukiutoa mkanda uache saa moja au mbili kabla ya kufungua kikopo, unyevu usije ukaushika. Ukishaupiga, upeleke maabara haraka. Usiuache kwenye gari.