Gari lilivyotoka kiwandani: liende porini au libaki kwenye lami?

Mwenye mada: Kundi moja la watu wa 4x4 (magari yanayovuta tairi zote nne) hapa Nairobi linapanga kushuka bondeni upande wa Magadi kwa njia za porini. Sharti la kwanza: gari ambalo halijainuliwa kwa springi ndefu na halina winchi, ile mashine ya kuvuta gari kwa kamba, lisije. Mimi nina Suzuki Jimny, springi zake ni zile zile lilizokuja nazo kutoka Japani. Naona hilo ni sharti la kumtafutia fundi wateja. Gari lina chesisi yake, ekseli ngumu mbele na nyuma, gia ndogo ya kupandia, na nafasi ya sentimita 21 chini ya tumbo. Uzito ni kama kilo 1,100 tu. Linakosa nini?

Wa Rongai: Kaka, sentimita 21 ni upana wa karatasi ya A4. Chukua moja ukaisimamishe kando ya mawe ya Bonde la Ufa, kisha urudi tuongee. Ukipasua difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli) huko, sisi wenye winchi ndio tutakaokesha tukikuvuta. Hujaona magari ya Rhino Charge yalivyo?

Mwenye mada: Rhino Charge ni mashindano ya porini, yana hesabu zake. Ni vituo 13, saa 10, na anayevimaliza kwa umbali mfupi zaidi ndiye mshindi. Wale hupanda juu ya jiwe kwa sababu kulizunguka kunawagharimu. Mimi nikilikuta jiwe nalizunguka, nani atanihesabia kilomita?

Wa Kitengela: Nyote mnabishana kuhusu mawe. Semeni habari ya udongo. Nina Prado, niliiinua inchi mbili kwa pesa ambayo mama watoto hajaijua hadi leo, tairi nikabakisha za lami. Mvua ikanyesha kidogo tu, nikaingia kwenye ule udongo mweusi wetu. Hatua kumi hivi, meno ya tairi yakajaa tope, zikawa laini kama mgongo wa kambare. Gari la zaidi ya tani 2 likaanza kwenda upande. Kijana mchungaji akapita, ndala mkononi, akatusalimia vizuri, akauliza kama tunangoja basi.

Huko kuinua kulinisaidia nini? Gari lilikwama likiwa juu zaidi, basi. Ningeanza na tairi, tena ningepunguza upepo kabla ya kuingia, kutoka PSI 30 hadi 18 hivi, tairi ilale na kushika. Pampu ya kurudisha upepo usisahau, maana ukipanda lami na 18 utaiua tairi.

Wa Rongai: Kwa tairi sibishi. Lakini mwenye Jimny, una ndoano ya kuvutia iliyofungwa kwenye chesisi? Watu hufunga kamba kwenye kale kapete ka chini, na hako ni ka kufungia gari melini. Kamba ikivutika halafu kapete kakang'oka, chuma kinaruka kama risasi. Hapo sitaki kusikia habari ya kilo 1,100.

Mwenye mada: Hilo nakubali, mzee. Sina, na kesho naenda kuiweka. Basi sharti liandikwe hivi: tairi za kazi, ndoano mbele na nyuma, jembe, na gari moja lisiende peke yake. Hakuna kuinua hapo.

Wa Rongai: Na winchi?

Mwenye mada: Moja kwa msafara mzima inatosha. Beba yako.

Wa Embakasi: Samahani wakubwa, na sisi wa Subaru? Inavuta tairi zote nne.

Wa Kitengela: Haina gia ndogo, ndugu yangu. Kwenye mteremko mrefu utashikilia breki mpaka zitoe moshi. Wewe tufuate mpaka Kiserian, utuagizie nyama mapema.

Wa Embakasi: Kilo ngapi?