AMELAMBA STIKA MBELE YANGU! Huyu muuza mbao ana laana gani?

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule mzee wa kofia nyekundu kule kwenye mbao. Mnamjua. Kama humjui, bado hujapigwa mjini hapa.

Nina oda ya meza za hoteli. Mteja kasema wazi: mninga wenye cheti cha FSC, kile cha mbao zilizovunwa bila kuharibu msitu, ile nembo ya mti wenye alama ya vema, la sivyo hataki. Nikamuuliza mzee, upo? "Upo." Cheti je? "Subiri."

Akarudi na karatasi ya stika za steshenari, mti wenyewe kama fungu la mchicha. Akabandua moja, haikushika. AKAILAMBA. Ulimi mzima, wa mtu aliyetoka kula muhogo wa pilipili! Akaipachika kwenye ubao, akaipigapiga na kiganja: "Haya, cheti hicho."

Nikamwambia nembo halisi ina namba, FSC-C halafu tarakimu, unaitafuta mtandaoni unamwona mwenye nayo. Akanitajia namba yake ya simu.

Nikamwambia cheti ni mnyororo, kila anayeuza mzigo toka msituni awe nacho. "Mnyororo ninao, uko kwenye chensoo."

Akanitolea hati ya kusafirishia. Mzee, hiyo inaonyesha mzigo umeruhusiwa kupita, cheti ni kitu kingine! Na kila stika kaongeza elfu tano. Ya mate!

Kisiki_Kikavu: Nipo siti ya mbele. Muhogo ulikuwa wa kukaanga au wa kuchoma?

Mwana_wa_Kilwa: Imeniuma. Vijiji vya huku kwetu vilipata cheti hicho 2009, Afrika nzima hakuna msitu wa asili wa wanakijiji uliotutangulia. Mpingo unakaa miaka 70 na zaidi ndipo ukatwe. Tunaingia porini na futi kupima mti mmoja mmoja, nyuki wanatushukia, gogo linagongwa nyundo ya alama, kisiki nacho. Mkaguzi akija anauliza mpaka buti za mkata miti. Halafu mtu analamba.

Mleta mada: ANALAMBA mkuu! Na macho kanikazia!

Popo_Mchana: Swali dogo. Ulinunua au hukununua?

Mleta mada: Hilo siyo lengo la uzi.

Popo_Mchana: Ulinunua.

Mleta mada: Mbao nne tu. Oda ina tarehe.

Kisiki_Kikavu: 😂😂 Umepigwa na kitu kizito, tena kibichi.

Mama_Wawili: Ngoja kwanza, hii lugha naijua. Siyo wewe fundi uliyenitengenezea kabati la "mninga"? Limechubuka mlangoni, ndani paini nyeupe pee! Leo unalilia cheti?

Mleta mada: Dada yangu, ile ilikuwa vanishi mbaya. Turudi kwenye mada. Ulimi, jamani.

Dereva_Usiku: Afadhali nyie. Mimi nimeona hati moja ya kusafirishia ikipitisha lori tatu, tarehe imefutwa imeandikwa juu yake kwa kalamu nyingine.

Popo_Mchana: Tatu? Ya kwetu iliandikwa paini, juu pamejaa viazi, chini magogo ya mkurungo.

Mama_Wawili: Na droo haifunguki. Nguo za watoto zimo humo tangu Ramadhani.

Bi_Mkunazi: Mafundi wote baba mmoja mama mmoja. Wangu kala advansi ya sofa, nikipiga simu anapokea mtoto anasema baba yuko msibani. Mwezi wa nne huu, huo msiba wa ukoo gani?

Dereva_Usiku: Wa kwangu kaleta kitanda na kunguni wake.

Bi_Mkunazi: Kunguni dawa yake nini jamani? Mafuta ya taa nimejaribu.

Popo_Mchana: Anika godoro juani, maji ya moto kwenye chaga.

Mleta mada: Wakuu, stika!

Bi_Mkunazi: Mkuu subiri kidogo. Maji ya moto au yanayochemka kabisa?