Mjadala: "Tuko pamoja" ni sera, au ni salamu tu?

Fundi wa fulana, Bondeni, Nakuru

Kazi yangu ni kuchapisha fulana. Mwaka 2022 niliwachapishia wagombea wawili wa kiti kimoja, watu ambao hata salamu walikuwa hawapeani. Wa kwanza alitaka UMOJA kifuani na MAENDELEO mgongoni. Wa pili akaja wiki iliyofuata na karatasi yake: umoja, maendeleo, kesho njema. Fremu ya UMOJA sikutengeneza nyingine. Niliosha ile ile, nikabadilisha rangi, kijana wangu akavuta raba, na fulana za mahasimu zikaanikwa kwenye kamba moja. Tangu siku hiyo nasikiliza hotuba kwa sikio jingine.

Sasa uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2027 unanukia na wimbo ni ule ule: tusigawanyike, mambo yatanyooka, tuko pamoja. Nautoa msimamo wangu mapema ili mnishambulie vizuri. Mtu anayehubiri matumaini wakati watu wanahesabu shilingi za unga, na hasemi atafanya nini, lini, kwa pesa za nani, huyo anaomba subira. Na subira tumempa kila aliyeiomba tangu 2002.

Mnakumbuka Julai 2022? Pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa imepita shilingi 200, serikali ikatangaza 100 wiki tatu hivi kabla ya kura. Duka la jirani yangu liliupata mara moja tu, ukaisha kabla ya saa nne asubuhi. Septemba serikali mpya ikaondoa ruzuku, tukarudi tulikotoka.

Mnasemaje? Matusi na majina ya makabila yaacheni nje.

Mama viazi, Molo

Kaka, nakuheshimu, lakini neno umoja usilifanyie mzaha. Mwanzo wa 2008 nilikuwa msichana wa shule, nalala hemani pale uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Tulitoka nyumbani na godoro moja, redio ya baba, na ufunguo wa nyumba iliyokuwa imeshateketea. Mama aliufunga ule ufunguo kwenye pindo la leso, na mpaka leo anao. Nchi nzima walikufa watu zaidi ya 1,100. Kabla ya moto kulikuwa na hotuba, na hizo hazikuwa za umoja. Sisi tuliitwa "madoadoa", yaani wageni wa kufutwa.

Desemba 2012 Uhuru na Ruto wakasimama pamoja uwanja wa Afraha, hapo Nakuru, wakaungana kugombea. Utasema wote walikuwa na kesi Hague, mahakama ya kimataifa, kwa fujo zile zile, na kila mmoja alimhitaji mwenzake. Ni kweli. Lakini Machi 2013 mama alipiga kura, akarudi, akaingia shambani. Hakufunga mizigo. Unauliza sera iko wapi? Kwetu hiyo ndiyo ilikuwa sera.

Wa bodaboda, Kondele, Kisumu

Dada wa Molo, pole, na naitoa moyoni. Ila umoja huo ulikuwa wa nyumba mbili, sisi tukaachwa nje ya ua. Agosti 2017, baada ya kura, polisi waliingia Nyalenda, hapa Kisumu, usiku, mtoto wa miezi sita akapigwa rungu mikononi mwa mama yake, akafa. Mahakama ilichunguza, ikasema polisi wanawajibika. Karibu miezi saba baada ya kifo hicho, Machi 9, 2018, wakubwa, Uhuru na Raila, wakapeana mikono mbele ya Harambee House, tukaambiwa yaishe.

Sitadanganya, siku ile nilizunguka mji nikipiga honi. Gesi ya kutoa machozi tulipumzika kuivuta kwa muda. Lakini huwa naona wakubwa wakiungana, anayeambiwa anyamaze ni mwenye kidonda. Juni 2024 vijana wakajaa barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha na kodi zake, bila chama wala mheshimiwa. Mwezi uliofuata watu wa upinzani wakateuliwa mawaziri, tukaambiwa hiyo ni serikali jumuishi. Safari hiyo honi sikupiga.

Mkulima wa miwa, Butere

Kiwanda chetu hufufuliwa jukwaani kila kampeni. Miwa yangu haijui kampeni, ikikomaa inataka kukatwa.

Mwalimu, Eldoret

Fundi, 2002 unaitupa haraka mno. Watu waliimba "yote yawezekana bila Moi", Kibaki akashinda, na Januari 2003 karo ya shule za msingi ikaondolewa. Nilikuwa mwalimu mgeni. Darasa la watoto arobaini lilifunguliwa likiwa na zaidi ya tisini, wengine wamekalia matofali. Mwaka uliofuata, hapa Eldoret, mzee Kimani Maruge, miaka 84, akavaa kaptura na soksi ndefu akajiandikisha darasa la kwanza pale Kapkenduiywo. Alitaka kujisomea Biblia. Hayo yalikuwa matumaini, na yalikuwa sera.

Ila hadithi hiyo wengi huisimulia nusu. Fujo za 2008 zilipofika, mzee huyo huyo aliishia kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani, akawa anakwenda shule akitokea hemani. Wakubwa waliokuwa wameimba pamoja, Kibaki na Raila, walishagombana zamani juu ya makubaliano yao ya kugawana vyeo, ikaja kura ya maoni ya katiba 2005, ndizi kwa ndiyo na chungwa kwa hapana, halafu hayo.

Mimi hupima hivi. Elimu ya bure mzazi yeyote angeweza kuidai: anaingia ofisini kwa mwalimu mkuu, anauliza, "Mbona unanitoza?" Niliwaona wakiuliza, na si kwa upole. Makubaliano ya wakubwa, nani kati yetu alikuwa na nakala? Tungebisha hodi wapi?

Mama viazi, Molo

Sawa, mwalimu. Na amani, hiyo nayo mtu huidai kwa kubisha mlango gani?

Fundi wa fulana, Bondeni, Nakuru

Dada, hilo sina jibu lake, na hapo kwa mzaha nakuomba radhi. Kwa 2002 pia nakubali, mwalimu, nilichanganya mchele na pumba.

Ila leo asubuhi kijana wa mheshimiwa mmoja amekuja kuulizia bei ya fulana 500. Maneno: TUKO PAMOJA. Mmoja wa wale wa 2022 bado ana deni langu la 38,000, na kila nikimpigia simu hunijibu hivyo hivyo, "Tuko pamoja, fundi." Huyu nimemwambia alete nusu kwanza ndipo nioshe fremu. Amesema anakwenda kuuliza.